Meza Niliyomchagulia Delphine

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha kitandani, goti limevunjika, kazi imekwisha, na dada yangu mdogo Delphine ananiletea bukari, ugali wetu, kila mchana katika sahani iliyofunikwa. Miezi saba alitulisha, mimi, mke wangu Agnès na watoto wetu. Mumewe Ngosa alikuwa hai bado, na hakunung'unika hata siku moja.

Leo nawaeleza jinsi nilivyomlipa.

Najua baadhi yenu mmeniandikia kunipa pole. Pole zenu zisubiri kwanza. Mkifika mwisho wa haya mtaona wenyewe kama ni mimi wa kupewa.

Kwa wasionijua: naitwa Godefroid Kunda. Miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi wa meza za biliadi katika cercle, yaani klabu, ya wafanyakazi wa mgodi, hapa hapa Lubumbashi. Nilizivika vitambaa, nilizipima usawa, nilibadilisha mipira ya kingo zake ilipokufa. Cercle ilipofungwa, meza zake tatu ziliuzwa kwa watu tusiowajua, nami nikabaki fundi wa kitu ambacho hakipo.

Ngosa alikufa mwezi wa pili mwaka jana. Delphine akabaki na watoto wanne katika nyumba yao ya Katuba, nyumba ambayo wawili hao waliijenga kwa mikono yao. Alikuwa na nguo nyeusi mwilini na mashine mbili za kushona barazani, basi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akanijia.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kushona hakuna tena. Bantu banavaa tu manguo ya Chine. Minawaza kufungua club ya billard pa mbele ya nyumba. Vijana ya quartier banaendaka mpaka mu ville kutafuta fasi ya kucheza."

"Na meza?"

"Nitauzisha mashine zangu zote mbili. Weye njo fundi. Unichagulie meza ya muzuri."

Sikilizeni. Tangu cercle ifungwe, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu nilichokijua. Waliniomba nisogee, niwapishe, nirudi kesho. Delphine alipotamka neno lile, nichagulie, mwili mzima ulinisisimka.

Tulianzia duka moja la mjini. Meza ilikuwa mpya, kitambaa cha buluu, pembe zinang'aa. Delphine aliizunguka mara mbili akitabasamu, na tangu msiba sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Bantu bane banaibeba," muuzaji alisema. "Miguu inatoka, unaiweka mu taxi."

Nilichukua mpira mmoja, nikausukuma polepole kwa kidole. Hivyo ndivyo meza inavyopimwa; mpira wa kasi hukuficha, wa polepole husema kweli. Ulifika katikati, ukapinda kushoto. Nikainama nikagonga chini yake kwa kifundo cha kidole.

"Mbao ya kusaga," nikasema. "Masika moja tu na itavimba."

"Tutaiweka mbali na maji," Delphine akasema.

"Hewa yenyewe ina maji. Hii si meza, ni kitanda cha mtoto."

Muuzaji alinuna. Delphine akanivuta pembeni, akanishika mkono.

"Yaya, ile ya mwepesi njo minataka. Miye niko mujane. Bandugu ya Ngosa bako kule Kilwa ya pa ziwa, lakini siku moja batakuya. Kama mambo inaharibika, minabeba meza yangu, minaenda nayo kwenye nitaenda. Sitaki kintu kya kunifunga pa fasi moja."

Nikacheka. Naam, nilicheka, pale dukani, mbele ya muuzaji.

"Nyumba ni yako," nikamwambia. "Nani atakufukuza?"

Juma lililofuata Lombe akanipigia simu. Lombe alikuwa mlinzi wetu pale cercle. Siku hizi analinda villa moja huko Karavia. Mwenye villa alikuwa anahama nchi, vitu vyake vinauzwa.

"Kuna billard moja huku," akasema. "Kuya utazame, lakini ukuye na roho nguvu."

Nilienda na Delphine. Lombe aliondoa shuka iliyoifunika. Sikuhitaji kuigusa.

Ilikuwa meza yetu ya pili ya cercle. Miguu minane ya mbao nyeusi, matundu sita ya ngozi, na chini ya kitambaa jiwe moja zima, halina kiungo hata kimoja. Meza nyingi za jiwe huwa na vipande vitatu vilivyounganishwa. Hii ilikuwa kipande kimoja. Nililala chini sakafuni nikaangaza kwa simu. Maandishi yangu ya penseli yalikuwepo, tarehe za kila kitambaa nilichoivika.

Nikasukuma mpira polepole. Ulikwenda umenyooka mpaka ukingoni, ukagusa, ukarudi mpaka kwenye kiganja changu.

Nililia. Delphine alidhani ni goti.

"Hii ndiyo," nikamwambia. "Hii itakuletea wachezaji wa mji mzima. Jiwe halivimbi, halipindi, mvua inyeshe inavyotaka."

"Iko nzito, yaya."

"Jiwe lazima liwe zito."

"Bantu ngapi batabeba?"

"Kumi."

"Kumi ya kuingiza," akasema taratibu. "Na ya kutosha?"

"Ya kuitoa kwa nini?"

Aliniangalia nilivyokuwa nimeiegemea ile meza, akatikisa kichwa, akakubali. Najua sasa kwamba alikubali kwa ajili yangu. Miezi saba alinilisha, akaona bado hajamaliza.

Mashine zake zikaenda.

Nyumba ilikuwa ndogo. Meza ya biliadi hailingani na meza ya kula. Pande zote nne lazima mtu asimame na fimbo yake, arudishe mkono nyuma bila kugonga ukuta. Nilipima sebule kwa mpini wa ufagio, nikapima tena. Haikutosha.

"Huu ukuta utoke," nikasema.

Ulikuwa ukuta wa chumba chake cha kulala. Ngosa mwenyewe ndiye aliyeupaka lipu. Delphine aliupapasa kidogo, akasema sawa, na tangu siku ile akawa analala na mabinti zake.

Shida ya pili: kule mlangoni kuna kona, na jiwe lile halikati kona. Kwa hiyo tulikubaliana tubomoe ukuta wa mbele kipande, tuliingize jiwe, kisha tujenge tena. Mimi nilijisifu kwa wazo hilo. Nilimweleza Agnès jioni nzima.

"Na siku ya kuitosha?" Agnès akauliza.

Wanawake wawili, swali moja. Sikusikia hata moja kati yao.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana hadi hapo ningeweza kusema ni ukaidi tu.

Kwa upande wa Ngosa, mwaka wa msiba una siku yake ya mwisho. Familia inakuja, misa inasomwa, watu wanakula, kisha mjane anavuliwa nguo nyeusi na mambo ya marehemu yanazungumzwa. Wanaita kutosha kilio, yaani kuutoa msiba. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa pili. Wangekuja, wangemaliza, wangerudi Kilwa. Meza ingeingia Jumatatu.

Lakini mvua ile mliiona. Barabara ya Kilwa ilikatika, magari yakalala kwenye matope siku nne. Chilufya, kaka mkubwa wa Ngosa, akapiga simu: tusubirini majuma matatu.

Villa ya Karavia nayo ilitakiwa iwe tupu mwisho wa mwezi.

"Tungojee, yaya," Delphine akasema. "Kwa bo iko hivi: kintu kyenye kinaingia mu lubanza mbele ya kutosha kilio, banakihesabia marehemu. Hata kama weye njo ulikileta."

"Kitu kikiingia uani kabla ya siku hiyo eti ni cha marehemu? Mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani, lakini bo bako bazima."

Lombe alikuwa na suluhisho. Alikuwa na gereji ya shemeji yake, meza ingekaa mwezi mmoja bila mtu kuigusa. Nikakataa. Nikasema gereji ina unyevu.

Unyevu! Mimi, niliyemwambia Delphine kwamba jiwe haliogopi mvua. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia mwezi mzima bila kuiona. Nilitaka kuivika kitambaa, nipige magoti chini yake na pimamaji yangu, nisikie tena mlio ule wa mpira kugonga mpira. Nilikuwa nimengojea miaka sita tangu cercle ifungwe, nikashindwa kungojea majuma matatu.

Tuliiingiza tarehe ishirini na sita. Ukuta wa mbele ukajengwa siku iliyofuata.

Siku sita baadaye Chilufya akafika.

Yeye ni mtu mfupi, sauti ya chini, ana mitumbwi miwili ziwani. Alikuja na dada zake wawili, wapwa watatu wakubwa na gunia la samaki wakavu. Aliiona picha ya Ngosa ukutani akalia machozi ya kweli, sitamsingizia. Kisha akajifuta uso, akageuka, akaiona meza.

"Na hii?"

"Iko ya yaya Godefroid," Delphine akajibu upesi. "Nilimupatia fasi tu."

Chilufya akaniangalia. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Alhamisi Delphine alinikuta bombani, akaweka ndoo chini.

"Jumamosi batakuuliza mbele ya bantu yote. Ukisema iko yangu, banaibeba, juu iliingia mbele ya kilio kutoka. Ukisema iko yako, habawezi. Kintu kya ndugu ya mwanamuke habakigusake. Neno moja tu, yaya."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa kwa jina la baba."

Akajitwisha ndoo yake, akaenda. Hakutaka kitu kingine kwangu, hicho tu.

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu na meza, nikipima usawa wa mguu mmoja, Chilufya akaingia. Akasukuma mpira kwa kidole, polepole. Ulirudi. Akacheka kidogo.

"Shemeki, tuseme kweli. Weye ulitosha wapi meza ya namna hii? Viatu yako inacheka."

Nikaficha miguu yangu nyuma ya mguu wa meza.

"Sikulaumu. Ni dada yako. Lakini sikia. Kama kesho unasema iko yako, vema. Utaitosha kesho ile ile, mbele ya jua kulala. Kintu kya mugeni hakibakie mu lubanza ya marehemu siku kilio inatoka."

"Kesho? Ukuta haujakauka hata..."

"Utavunja. Na jiwe, kama linavunjika, liko yako."

Nilipaona kwangu: vyumba viwili vya kupanga, mlango ambao hata godoro hupita kwa shida. Niliona jiwe likitupwa uani, likipasuka, wanawake wakilitumia kuanikia mihogo.

Chilufya akaja karibu.

"Ou bien, unasema Ngosa njo alikutuma kuitafuta mbele hajafa. Basi. Meza inabakia pale pale. Miye minarudia Kilwa, bapwa yangu habajue billard. Club itaomba muntu mwenye anaijua. Ufunguo kwako, shemeki. Kila siku ya Mungu."

"Na Delphine?"

"Shemeki," akasema, kama niliyemuudhi. "Tuko bakristu."

Nililichukua jibu hilo bila kuligeuza upande wa pili. Nilijiambia: Delphine atabaki nyumbani kwake, watoto watabaki shuleni, meza itabaki sebuleni, mimi nitamgawia chochote. Ni jina tu litakalobadilika. Jina la mwenye meza ni kitu gani? Nilijiambia hivyo usiku kucha, na niliongea vizuri sana. Hakuna wakili angenishinda.

Jumamosi misa ilisomwa, watu wakala. Saa tisa alasiri familia mbili zikakaa uani, wao upande wa nyumba, sisi upande wa lango. Delphine alikaa chini kwenye mkeka, Agnès kando yake, amemshika mkono.

Vikatajwa vitu vya Ngosa kimoja kimoja. Baiskeli. Redio. Koti la kazi. Delphine aliitika kila kimoja bila ubishi, kwa sauti ya mtu aliyetulia, kwa maana kitu kilichokuwa na maana kwake kilikuwa salama kwangu.

"Bon," Chilufya akasema. "Na ile billard. Shemeki Godefroid, simama."

Nikasimama.

"Iko ya nani?"

Watu wote waliniangalia isipokuwa Delphine. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anangojea.

Nilifungua mdomo. Nawaapia, wasomaji wangu, hata wakati huo sikuwa nimeamua. Nilitazama mlangoni, nikaona pembe ya meza, kitambaa kipya cha kijani nilichokinyoosha kwa mikono hii.

"Ni ya Ngosa," nikasema. "Alinituma nimtafutie kabla hajafa."

Mkono wa Agnès uliachia mkono wa Delphine, ukaenda mdomoni.

Delphine akainua kichwa. Hakulia, hakupiga kelele. Aliniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyebisha hodi nyumba siyo, ukingojea aseme samahani aende.

"Asanti, shemeki," Chilufya akasema. "Basi, iko wazi. Meza ni ya ndugu yetu. Shiye yote tumeona haiwezi kutoka. Kuitosha ni kuvunja nyumba, na nyumba ya Ngosa hatutaivunja."

Akapanga shati lake.

"Donc club itafunguliwa humu. Na club haiikalane na mujane na batoto. Bapwa bataingia leo." Akamwonyesha dada yake mkubwa, naye akaja, akamfungua Delphine kitambaa cheusi kichwani, akakikunja. "Mama, kilio imetoka. Uko huru. Rudia kwa bandugu yako."

Nikapiga hatua mbele.

"Shemeki, hatukusema hivyo!"

Chilufya akanigeukia pole pole, macho makubwa, mpole kabisa.

"Tulisema nini, shemeki? Bambie. Ilikuwa siku gani? Fasi gani?"

Mnaona mtego. Ningesema alichoniahidi, ningesema na nilichokiuza. Watu arobaini, padri bado yupo kwenye kiti chake cha plastiki, mke wangu mbele yangu.

Nikaketi.

Delphine alisimama, akajipangusa vumbi la mkeka, akaja mpaka mbele yangu. Nywele zake zilikuwa zimekatwa fupi za msiba, sikuwa nimeziona tangu mazishi. Zilikuwa zimeanza kuwa na mvi.

"Yaya," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata tone. "Banasema nirudie kwa bandugu yangu. Niko na ndugu moja tu. Kwako kuna fasi?"

Nilihesabu kichwani. Vyumba viwili. Watu sita tayari.

Agnès akasimama kabla yangu.

"Fasi iko," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Fasi ya huyu."

Akaninyoshea kidole.

"Agnès..."

"Nyamaza. Alikukulisha miezi saba, miye njo nilikuwa minaosha zile sahani. Sikuosha juu ya leo. Delphine, beba batoto. Utalala kwenye alikuwa analala. Yeye alichagua jiwe yake, alale pale."

Sitawaeleza walivyofungasha. Niliona magodoro yakitoka, masufuria, daftari za shule. Hakuna aliyeniomba nishike kitu. Nilinyanyua begi moja, binti mkubwa wa Delphine, Keren, akaja akalichukua mkononi mwangu bila kusema, kwa adabu kabisa, kama mwenyeji anavyompokea mgeni.

Niliwafuata mpaka langoni. Delphine alipita bila kugeuka. Agnès ndiye aliyesimama.

"Jumatatu asubui tunaenda tribunal," akasema. "Sheria iko. Mujane habamutoshake mu nyumba yenye alijenga na bwana yake. Padri anajua avocat moja, ameshamuita."

"Vizuri," nikasema. "Vizuri sana, mwende mahakamani na huyo wakili, mimi nita..."

"Weye utaitwa. Juge ataomba ule mushahidi mwenye alisema meza ni ya Ngosa. Utaweka mukono ku Biblia. Ukirudilia ile neno, Delphine anakosa nyumba. Ukiigeuza, bantu arobaini batasema ulibongopea, na Chilufya atakufungisha juu ya kuongopa."

Alinitazama usoni. Miaka ishirini na tano ya ndoa, sikuwa nimeona macho yale.

"Siulize utasema nini. Leo asubui ningejua. Sasa sijue tena. Mulango yetu isikuone mpaka Jumatatu."

Akaondoka. Nilisimama langoni mpaka migongo yao ikapotea kwenye kona ya barabara. Nikagundua kuna kitu kizito mfukoni mwangu, nikakitoa. Ulikuwa ufunguo wa nyumba, ule alioniahidi Chilufya. Sijui hata ni saa ngapi walinitilia.

Nyuma yangu mipira ikagongana. Niligeuka. Katika sebule ya dada yangu Chilufya alikuwa amevua viatu, amepanga mipira kwenye pembetatu, amepanga vibaya, na fimbo amenishikia tayari.

"Shemeki," akaniita kwa upole. "Kuya unifundishe. Banaanzaka na ya rangi gani?"

Na mimi, Mungu anisamehe, niliingia kumwonyesha.